Kitabu cha mashine hakionekani? Futa kibati kwanza

Juma lililopita walikuja watu watatu karakanani kwangu hapa Unga Limited, Arusha, kila mmoja kwa siku yake, na wote walianza kwa maneno yaleyale: "Fundi, nimetafuta kitabu chake mtandaoni, hakipo kabisa." Mama mmoja wa Njiro alikuwa na mashine ya kufulia iliyoshuka na kontena la mtumba. Mzee wa Kisongo alileta mota ya kinu. Kijana wa Ngaramtoni alibeba boksi la kuendeshea pampu ya kisima, amelifunga kwenye mfuko kama mkate. Majibu mawili kati ya matatu yalipatikana kabla chai yangu haijapoa. La tatu lilinichukua siku nne, na nitalieleza mwishoni.

Mara nyingi kitabu kipo, ila tunakiita kwa jina la mtaani. Yale maandishi makubwa ya mbele ya mashine ni jina la biashara, na chini ya jina hilo moja kuna mashine mamia zisizofanana. Jina la kuzaliwa, yaani modeli, limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibati, kile kipande cha chuma au stika yenye namba za mashine, mahali ambapo vumbi na mafuta hufika kabla ya macho yako.

Ujue pia unatafuta kitabu gani. Mashine moja huwa na maandishi ya aina nne: kitabu cha mtumiaji, kitabu cha fundi, orodha ya spea yenye michoro na namba, na mchoro wa nyaya. Mtu huandika "manual" peke yake, anapata cha mtumiaji chenye kurasa kumi za kumkataza kuweka paka ndani ya mashine, anakata tamaa. Andika modeli kisha "service manual" kama unataka kufungua, "parts list" kama unatafuta spea, "wiring diagram" kama nyaya zimechanganyika. Na kabla ya kumaliza bando, fungua mfuniko. Mashine nyingi za kufulia za Kimarekani zina karatasi ya fundi iliyokunjwa na kufichwa ndani ya bodi lake. Viyoyozi vingi vina mchoro wa nyaya uliobandikwa upande wa ndani wa kifuniko. Nimewahi kulipwa kwa kuwasomea watu karatasi waliyokaa nayo nyumbani miaka sita.

Dalili: unaandika jina na modeli, yanakuja matangazo ya kuuza tu

Chanzo cha kwanza ni kwamba umeandika jina la familia ya bidhaa badala ya modeli kamili. Tafuta kibati. Kwenye mashine ya kufulia ya mlango wa mbele kipo ukingoni, ukifungua mlango unakiona. Kwenye friji angalia ubavuni ndani, karibu na droo ya mboga, au mgongoni. Oveni, fungua mlango, tazama ukingo. Kompresa ya hewa ina vibati viwili, kimoja cha tanki na kingine cha mota, na watu huchanganya.

Kila kampuni ina mila yake ya namba. Bosch na Siemens wanatumia E-Nr, na ile tarakimu baada ya mkwaju ni toleo, usiiache. Chini yake kuna FD yenye tarakimu nne: chukua mbili za kwanza, jumlisha na 1920, unapata mwaka wa kutengenezwa. FD 9403 ni 2014, mwezi wa tatu. Electrolux na AEG wana PNC, tarakimu tisa, na ndiyo inayofungua mlango kwao, si lile jina zuri la mbele. Whirlpool wa Ulaya wana namba ya huduma ya tarakimu 12. Ukiwa na namba hizi, ukurasa wa kampuni wenyewe hukupa kitabu bure mara nyingi.

Chanzo cha pili ni macho. Sifuri na O, 1 na I, 5 na S, 8 na B. Mama wa Njiro alikuwa ameandika O mahali pa sifuri kwa wiki nzima. Kibati kilichogongwa kwa chapa kikififia, paka chaki halafu futa juu kwa kidole, chaki itabaki kwenye mashimo ya herufi. Kwa kibati cha chuma chenye grisi, kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kinatosha. Kwa stika, tafadhali usitie thina, utafuta kitabu na mashine yake kwa mkono mmoja. Piga picha huku tochi ikimulika kutoka ubavuni, flashi ikiwa imezimwa.

Kisha weka modeli ndani ya alama za kunukuu, uongeze filetype:pdf. Isipotokea, punguza mkia: herufi za mwisho mara nyingi ni rangi au nchi ya soko. Ongeza mkia tena ukishakaribia.

Dalili: kibati hakipo, au kimepakwa rangi

Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu mashine imeundwa na vipande vyenye majina yao wenyewe.

Friji isiyo na stika bado ina kompresa yenye kibati. Andika namba ya kompresa na utapata karatasi ya vipimo vyake: gesi gani, wati ngapi, inawashwa kwa kapasita au la. Hili la gesi usilikisie. Friji nyingi za sasa zinatumia R600a, ambayo ni isobutani na inawaka moto, na kiasi chake ni gramu chache tu. Fundi aliyezoea R134a akijaza kwa mazoea, na akachomelea bomba lenye gesi ndani, anaweza kuondoka na nyusi zake zimeungua.

Jenereta za Kichina zisizo na jina linaloeleweka ndizo rahisi kuliko zote. Tazama herufi kwenye injini: 168F maana yake silinda 1, kipenyo cha milimita 68, inapozwa kwa hewa. Ni ukoo mmoja na Honda GX160, na kitabu cha Honda kitakufaa kwa kazi nyingi za kufungua na kufunga. 188F inafuata GX390. Upande wa dizeli, S195 ni silinda moja ya milimita 95, na ZS1115 ni ya milimita 115, zile zinazovuta vinu na mashine za kukatia majani kule Usa River. Usitafute jina lililopakwa kwenye tanki la mafuta. Hilo ni la aliyeagiza.

Kuna pia zile injini za zamani zenye magurudumu mawili makubwa, zinazogonga taratibu kijijini hadi unasikia kutoka barabarani. Huku kila moja inaitwa Lister. Lister CS halisi ilitengenezwa Dursley, Uingereza, na ile ya nguvu farasi 6 inazunguka mara 650 kwa dakika. Nyingi zilizopo vinuni ni nakala kutoka Rajkot, India. Kitabu cha Lister CS kinazielezea vizuri, ila vipimo vya beringi na mafuta ya kulainishia vihakiki kwa mkono, kwa sababu aliyenakili alinakili kwa uhuru wake.

Cherehani za Butterfly za chuma nazo zimefuata Singer ya aina ya 15. Kitabu cha Singer 15 na sindano 15x1, umemaliza.

Sasa mota ya mzee wa Kisongo. Kibati kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani mara tatu, na chini ya rangi kutu ilikuwa imekula maandishi. Mzee aliniambia, "Mwanangu, hii haina baba wala mama." Nikachukua rula. Kutoka chini ya miguu hadi katikati ya shafti: milimita 132. Kipenyo cha shafti: 38. Umbali wa matundu ya miguu kufuata urefu wa shafti: 140. Hii ni fremu 132S ya viwango vya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, na ikiwa ya nguzo nne (4 pole) kwa kawaida ni kilowati 5.5. Kama matundu yangekuwa 178, ingekuwa 132M, kilowati 7.5. Beringi nazo zimeandikwa ubavuni, na namba ya beringi inasema yenyewe: 6205, zidisha 05 kwa 5, shimo la milimita 25. Kuanzia 6203 kushuka kanuni hii haifanyi kazi: 6203 ni 17. Mkanda wa B-52 ni wa upana wa milimita 17 na urefu wa inchi 52 upande wa ndani. Vitu hivi havihitaji kitabu cha kampuni yoyote, karibu dunia nzima imekubaliana.

Ambacho rula haikuniambia ni jinsi ya kuunga. Umeme wetu wa njia tatu ni volti 400. Mota iliyoandikwa 230/400 huungwa sta (umbo la nyota). Iliyoandikwa 400/690 huungwa delta (umbo la pembetatu). Ukiunga ya kwanza kwa delta, inanuka ndani ya dakika chache na unakwenda kwa msuka mota. Kwa hiyo mota isiyo na kibati naanza nayo sta, bila mzigo, nikiwa na klampu mita mkononi. Ikiwa ya 400/690 itazunguka lakini itakuwa dhaifu, takribani theluthi moja ya nguvu yake ya kusukuma, na kinu kitakwama kwenye mahindi ya kwanza. Udhaifu huo hauunguzi kitu ukizima mapema. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee: mtu aliyeifunga mara ya mwisho aliiacha sta, na mzee akaambiwa mota imekufa. Kazi hii ni ya fundi umeme mwenye leseni. Ya kwangu hapa si ruhusa ya kujaribu na bisibisi ya kufungulia betri.

Kwa wa Arusha kuna jambo jingine ambalo watu hulipita kwenye vitabu vya mota: mstari unaosema mota inafaa hadi mita 1000 juu ya usawa wa bahari. Mji huu uko karibu mita 1400. Hewa ni nyepesi, inapoza kidogo, kwa hiyo mota inayofanya kazi kwa nguvu zake zote hapa inapata joto kuliko ikiwa Moshi, mji ulio chini ya mstari huo. Injini za petroli ni hivyohivyo: Honda wanaandika kwamba nguvu hupungua takribani asilimia 3.5 kwa kila mita 300. Piga hesabu, jenereta yako hapa imepoteza kama asilimia 16 kabla hujachomeka pasi. Wateja wangapi wamesema "wameniuzia feki"!

Dalili: kitabu kimepatikana, lakini kinaongea lugha nyingine

Hili wengi huliona ni mwisho wa safari, kumbe ni dalili njema: umefika kiwandani. Mashine ya Kijerumani itafute kwa Kijerumani tangu mwanzo. Bedienungsanleitung ni kitabu cha mtumiaji, Betriebsanleitung ni cha mashine ya kiwandani, Ersatzteilliste ni orodha ya spea, Schaltplan ni mchoro wa nyaya. Kwa Kichina nakili herufi hizi 说明书 uzibandike baada ya modeli. Wakulima wenye mashine za kumenyea kahawa za Penagos, ambazo ni za Colombia, watafute "manual de operación" na neno despulpadora. Nimeona matokeo yakitoka mawili hadi arobaini kwa kubadilisha lugha tu.

Kutafsiri, elekeza kamera ya simu yenye programu ya tafsiri. Itakuchekesha kwenye sentensi na itakuhudumia kwenye majedwali. Majedwali ndiyo unayotaka.

Dalili: kitabu ni cha modeli yako, lakini vipimo havilingani

Chanzo karibu kila mara ni soko. Mashine ileile inatengenezwa kwa volti 230 na hezi 50 kwa ajili yetu, na kwa volti 120 na hezi 60 kwa ajili ya Marekani. Japani ni volti 100. Vyombo vya mtumba vya Kijapani vimejaa mjini, na mtu hununua transfoma ya kushusha akidhani ameokoka. Transfoma hushusha volti, hezi haigusi. Mota ya nguzo nne inayoandikwa mizunguko 1725 kwa hezi 60 itazunguka kama 1440 hapa. Saa ya mashine inayotegemea hezi itachelewa kwa sehemu moja ya sita, keki ikatoka nyeusi na mama akalaumu oveni. Ukikuta kitabu kinasema 60 Hz, kifunge, rudi kwenye kibati, tafuta toleo lake.

Dalili: kioo kinaonyesha herufi na mashine imegoma

Usitafute kitabu kizima kwa ajili ya herufi mbili. Kwenye mashine za kufulia za LG, OE ni maji hayatoki, IE ni maji hayaingii, UE ni nguo zimeelemea upande mmoja, dE ni mlango. Samsung: 4E au 4C ni kuingia, 5E au 5C ni kutoka. Bosch E18 ni kutoa maji. Kwa yote ya kutoa maji, fungua kwanza chujio la pampu chini mbele. Utakuta sarafu, waya wa sidiria, na siku moja nilikuta jino la dhahabu, mwenyewe hakuwahi kurudi kuliuliza.

Ya maji kuingia ndiyo inayotusumbua sisi zaidi, na jibu lake liko kwenye ukurasa ambao hakuna anayeusoma, ule wa vipimo. Vitabu vingi vinadai mgandamizo wa maji kuanzia baa 0.5 au 1. Maji ya tenki hutoa baa 0.1 kwa kila mita ya kimo. Tenki lako likiwa juu ya mnara wa mita 3, umetoa baa 0.3, na valvu ya mashine inasubiri zaidi ya hapo. Mama wa Njiro alikuwa amebadilishiwa valvu mara mbili. Tulipopata kitabu chake tuliona inadai baa 1, yaani tenki lingekuwa mita 10 angani, juu ya paa la jirani wa ghorofa. Akafunga pampu ndogo ya kuongeza mgandamizo, na valvu ya kwanza, ambayo alikuwa ameitunza kwenye droo, ikarudishwa na inafanya kazi hadi leo. Vilevile safisha kichujio kidogo kilichopo kwenye mdomo wa mpira wa maji. Mchanga wetu unakijaza ndani ya miezi michache.

Maikrowevu ikionyesha herufi, soma herufi na uishie hapo. Kapasita yake hufanya kazi kwa volti takribani 2000 na inaweza kubaki na umeme baada ya kuchomoa. Kitabu hakikulindi na hilo.

Dalili: ukurasa unadai kadi ya benki, au faili linaloshuka si PDF

Ondoka. Kitabu cha mashine hakiishii kwa .exe wala .apk. Kitufe kikubwa cha kijani ni tangazo, kitabu kiko kwenye kiungo kidogo cha maandishi. ManualsLib kina vitabu vingi vya bure. Kampuni iliyokufa au iliyobadilisha jina, ingiza anwani yake ya zamani kwenye web.archive.org, mara nyingi utaikuta kama ilivyokuwa. Kifaa chenye redio ndani yake, iwe rimoti ya geti au kamera, kikiwa na FCC ID mgongoni, itafute hiyo: Marekani huhifadhi hadharani vitabu na hata picha za ndani za vifaa hivyo. Na mashine ya kufulia iliyouzwa Ulaya baada ya Machi 2021 inalindwa na sheria inayomtaka mtengenezaji awe na spea muhimu kwa miaka 10, kwa hiyo usikubali haraka kuambiwa "hazitengenezwi tena".

Dalili: mtandao umenyamaza kabisa

Toka nje, panda daladala. Mkoa huu na jirani yake una watu wa mashine kuliko unavyodhani. CAMARTEC iko hapa Arusha, na zana za kilimo ndiyo kazi yake. TEMDO nayo iko hapa, wanasanifu mashine. Kuna SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuna Chuo cha Ufundi Arusha, na kwa walio Moshi kuna VETA, chuo cha ufundi stadi. Mwalimu wa karakana ana kabati la vitabu ambalo hakuna mtandao umelifikia. Nenda na picha ya kibati, vipimo ulivyopima, na swali moja. Ukienda na "imeharibika" utarudi na "ilete".

Pia uliza wazee. Aliyefanya kazi General Tyre, kiwanda cha matairi, enzi zake, au Kilimanjaro Machine Tools kule Hai, anaweza kukuambia mashine ya kukereza ilivyopangwa gia kwa kuisikiliza tu. Mpe shikamoo, mnunulie chai, usimharakishe.

Dalili: umeandikia kiwanda na hawajibu

Soma ulichoandika. "Hello my machine not working please help" haina cha kujibiwa. Mtu wa upande wa pili ana modeli mia tano mezani. Ujumbe wangu huwa hivi, nauandika kwa Kiswahili kwanza ili nisijidanganye, halafu nautafsiri:

"Picha ya kibati imeambatanishwa. Umeme uliopimwa ikiwa imezima: volti 226. Ikiwa inafanya kazi: volti 209. Tatizo: inawaka, inazunguka sekunde 8, inazima, inaonyesha E3. Nimeshapima kapasita na koili, vipimo hivi hapa. Naomba mchoro wa nyaya na maana ya E3 kwa toleo hili."

Saa nazo zina maana. Kiwanda cha China kinapofunga saa kumi na moja jioni kwa saa zao, hapa ni saa sita mchana. Kwa hiyo tuma usiku kabla hujalala au asubuhi mapema, usitume baada ya chakula cha mchana halafu ukalalamika. Mhindi unampata hadi kama saa tisa alasiri. Mjerumani anaanza kazi kwake saa mbili asubuhi, ambayo kwetu ni saa tatu au saa nne kutegemea majira yao. Wachina wengi wana WhatsApp na wanajibu haraka kuliko barua pepe. Kama mashine bado ina dhamana, anza na wakala aliyekuuzia kabla hujagusa skrubu hata moja, maana stika ikichanika dhamana imekwenda.

Kijana wa Ngaramtoni alikuwa amefanya karibu kila kitu sawa. Boksi lake lilikuwa na jina la duka lililoagiza, hakuna modeli, hakuna namba. Pampu inawaka, sekunde chache inazima, kioo kinaonyesha volti ndogo. Alikuwa amebadilisha kapasita mara mbili. Nikafungua boksi, nikakuta namba imechapwa kwenye ukingo wa bodi ya umeme. Nikaitafuta yenyewe, pamoja na herufi za Kichina, na siku ya pili nikakipata kiwanda. Niliwatumia ujumbe wa namna ile niliyoonyesha. Siku ya tatu wakauliza jambo moja ambalo sikuwa nimelipima: waya unaoleta umeme kutoka mita hadi kwenye boksi una urefu gani, na unene gani?

Mita 90. Unene milimita za mraba 1.5, waya wa taa, aliuona unatosha kwa sababu ulikuwa mpya. Pampu ni ya kilowati 1.5, inavuta kama ampea 10. Kwa urefu huo, kwenda na kurudi, inapoteza zaidi ya volti 20 njiani ikiwa imeshatulia, na wakati wa kuwaka, ambapo mota huvuta mara kadhaa zaidi, hasara inakuwa kubwa hadi boksi linakata ili kuilinda. Siku ya nne wakatuma PDF. Jedwali lilikuwa ukurasa wa 11: kilowati 1.5, waya wa 1.5 unaishia kabla ya mita 40, na kwa mita 90 unatakiwa wa milimita za mraba 4.

Kijana akalitazama muda mrefu, akauliza bei ya waya wa 4 kwa mita. Nilipomwambia, akalirudisha boksi kwenye mfuko wake, akaliangalia kama mtu aliyemsingizia jirani.